Kimya cha Twiga na Kinywa cha Kiboko

– Paukwa!
– Pakawa.
– Pakawa nini?
– Pakawa kinywa.
– Kinywa cha nani?
– Cha asiyeshiba.
– Kimejaa au kitupu?
– Kimejaa, ndiyo maana kimenyamaza.

Vizuri. Mmeitikia kama nilivyowafundisha. Najua mnaambiwa hadithi hazisemwi mchana, msemaji ataota mkia. Lakini mvua hii imetufungia ndani tangu asubuhi, na mimi shangazi yenu Mwanakheri nimekwisha zeeka. Mkia ukiota nitaufunga ndani ya khanga, nani atauona? Sogeeni. Hadithi hii niliposimuliwa mara ya kwanza nilishika mdomo kwa mshtuko, na mpaka leo nikifika mahali fulani nashika tena. Mkiniona nimeshika mdomo, ningojeni.

Hapo kale wanyama wa bonde moja la mto walikuwa na fedha za kila namna. Twiga alinunua na kuuza kwa mbegu za mgunga. Kanga alitumia manyoya yake yenye madoa. Buku, yule panya mkubwa mwenye mifuko mashavuni, alitumia kokwa za ukwaju. Kiboko alitumia mawe ya mtoni. Ukitaka tango la Kiboko nawe huna mawe, utahangaika kutwa nzima. Utatoa mbegu upate manyoya, utatoa manyoya upate kokwa, utatoa kokwa upate mawe, na ukifika mtoni tango limekwisha liwa. Aliyelila ni Kiboko mwenyewe.

Basi wakakutana, wakapatana. Fedha iwe moja, simbi, zile kauri ndogo nyeupe zitokazo pwani. Simbi ya Twiga ni simbi ya Kanga. Simbi ya Kanga ni simbi ya Buku. Simbi ya Buku ni simbi ya Kiboko. Raha iliyoje.

Wakala kiapo. Kiapo cha wanyama hakiandikwi popote. Wana jiwe lao la chumvi, bapa kama sinia. Maneno husemwa, kisha kila mmoja hupita akalilamba lile jiwe. Ndimi zote zikishapita, jambo limefungwa. Maneno ya siku ile yalikuwa mafupi: "Simbi moja. Ghala kila mtu lake."

Akalamba Twiga, akalamba Kanga, akalamba Buku, akalamba Kiboko. Wa mwisho alikuwa Kobe. Kobe ndiye aliyepewa kazi ya kushika sheria, kwa sababu walijua hata akitaka kukimbia nayo hatafika mbali. Akalamba, akasema polepole, "Lililofungwa kwa ndimi zote litafunguliwa kwa ndimi zote. Ulimi mmoja ukikataa, halifunguki."

Wote wakaitika, wakaenda zao. Mwaka ule hapakuwa na aliyefikiria ghala. Mvua ilinyesha, mtama ulizaa, na simbi zilipita mkono kwa mkono bila ugomvi.

Mwaka uliofuata jua likawaka. Si jua la kuanika muhogo, ni jua la kuua. Huko mlimani kwa Buku karanga ziliungua ardhini kabla hazijachipua. Kwa Twiga na Kanga kilibaki kile kidogo cha akiba. Penye majani mabichi palikuwa mahali pamoja tu, ukingoni mwa mto kwa Kiboko, na matango yake yalinenepa siku hata siku.

Zamani Buku akikwama alishusha kokwa zake, zikawa rahisi, na majirani wakaja kununua kwake. Sasa fedha ilikuwa simbi, na simbi haishuki kwa ajili ya Buku mmoja. Kila simbi aliyokuwa nayo iliteremka mlima ikaenda mtoni. Kwanza simbi moja kwa tango zima. Halafu simbi moja kwa nusu tango. Halafu simbi konzi nzima kwa tango lililooza upande mmoja.

Na Buku alikuwa na watoto wachanga. Mifuko ya mashavu yao ilining'inia mitupu. Walikuwa wanalia usiku na mchana, kisha wakaacha kulia, na mama yeyote atawaambia kwamba njaa ya mtoto asiyelia ndiyo ya kuogopa.

Buku akawaita wenzake ukingoni mwa mto. Akasema, "Jamani, fedha yetu ni moja lakini njaa kila mtu na yake. Tuwe na ghala la pamoja. Aliyevuna sana aweke sana, aliyeunguliwa ale kwanza. Mwaka huu nimeunguliwa mimi. Mwaka kesho ataunguliwa mwingine, hatujui ni nani."

Kanga akasema, "Mimi naafiki." Twiga akainamisha kichwa, maana Twiga hana sauti, ndivyo alivyoumbwa. Kobe akatoa shingo kidogo. "Wazo si baya, Bi Buku. Ila kiapo kinasema ghala kila mtu lake. Ni lazima tulambe upya, sote."

Wote wakamtazama Kiboko.

"Silambi," akasema Kiboko. Akazama. Pwa!

Basi, ndiyo hivyo tu. Watoto wa watu wanakufa na njaa, naye neno lake moja, kisha pwa. Hakuona haja hata ya kutoa sababu.

Sasa hapa ngojeni, nashika mdomo.

Hazikupita siku nyingi, Kiboko yule yule akawaita wanyama. Alikuwa anaota jua huku akitazama bara, akaona ghala la Twiga lina mtama kidogo na ghala la Kanga lina kunde kidogo, na mate yakamtoka. Akasema kwa sauti ya upole, "Ndugu zangu, nimefikiri. Bi Buku alisema kweli. Fedha moja haikai bila ghala moja. Ghala lijengwe hapa ukingoni kwangu, na mlinzi niwe mimi, kwa kuwa ndimi mwenye nguvu. Kila mmoja alete akiba yake."

Buku akauliza, "Na matango yako, Bwana Kiboko?"

"Matango yangu yako shambani. Shamba si ghala."

Kobe akatoa shingo. "Vyema. Basi liletwe jiwe, tulambe."

"Kulamba kwa nini?" akasema Kiboko. "Mzee Kobe, wewe ni mtu wa sheria, hebu nikuulize. Mwari akiulizwa kama anamtaka bwana harusi, husemaje?"

Kobe akafikiri. "Husitahi. Hunyamaza."

"Na akinyamaza?"

"Huhesabiwa ameridhia."

"Umesema mwenyewe. Kimya ni ridhaa. Kuanzia leo nitauliza, nitapiga maji kwa mkia mara tatu, na asiyepinga ameridhia. Nani anapinga?"

Pwa. Kobe akashtuka, akarudisha shingo ndani. Pwa. Kanga akafungua mdomo apinge, Kiboko naye akafungua wa kwake. Mnakijua kinywa cha kiboko? Mtoto wa ng'ombe anaweza kusimama mle ndani. Kanga akafunga mdomo wake. Buku alikuwa nyuma kabisa, na sauti yake ndogo, "Mimi napi–," ikafunikwa na mkia. Pwa.

"Limepita," akasema Kiboko. "Sasa tuanze. Twiga alete mtama wake wote. Nani anapinga?"

Masikini Twiga. Alitikisa kichwa huku, akakitikisa huku. Alipiga miguu chini, vumbi likatimka. Kila mtu alimwona.

"Anakataa, Bwana Kiboko, mtazame," akasema Kanga.

"Sheria inasikiliza, haitazami. Umesikia kitu?"

Kimya. Pwa, pwa, pwa. Limepita.

Lahaula, wanangu. Mtu anaporwa mchana kweupe mbele ya majirani zake, anakataa kwa mwili mzima, na anaandikiwa ameridhia kama mwari. Nimeona mengi katika umri wangu, nimeona mashemeji wakigombea kitanda cha marehemu, lakini hili lilinitoa jasho.

Mtama wa Twiga ukaenda. Kunde za Kanga zikaenda. Nani anapinga? Kimya. Pwa, pwa, pwa. Limepita. Ghala la pamoja likajaa, na kila asubuhi Kiboko aliingia mle akatoka akijifuta midomo. Walipomuuliza alisema mlinzi lazima aonje, asije akawa analinda sumu. Buku alipoomba konzi moja ya mtama kwa ajili ya wanawe, Kiboko aliuliza, "Nani anapinga Buku asipewe?" na hakuna hata aliyelielewa swali vizuri, na mkia ukapiga maji, na likapita.

Buku akarudi mlimani. Akaingia shimoni, akawaita wanawe mmoja mmoja kwa pua yake. Waliinua vichwa. Yule mdogo hakuinua. Akamlamba, akamlamba tena, mtoto akapumua kidogo, lakini macho hakufumbua.

Buku akakaa mlangoni mwa shimo lake. Hakulia. Alikaa akifikiri juu ya sheria ile, akaigeuza huku akaigeuza huku, mpaka akaona penye tundu. Kimya ni ridhaa. Haya. Kiboko hunyamaza lini?

Akateremka kwa Kanga. "Dada, una unga wowote wa muhogo uliouficha?"

Kanga akageuka huku na huku. "Uko kidogo chini ya kiota. Ndio wa mwisho."

"Nipe."

"Nikupe uufanye nini?"

"Nimpikie Kiboko bada."

Kanga akauliza, "Umpikie yule? Kwa unga wetu wa mwisho?"

"Bada ya kuvutika, ule ugali wa muhogo unaoganda kwenye kaakaa. Akiwa nayo kinywani hatasema, nasi tutauliza yetu."

"Na akiimeza upesi?"

"Akiimeza upesi tumekwisha, dada. Mimi na wewe na watoto."

Kanga akaufukua unga, akampa. Twiga naye alikuwa na kipande cha muhogo mkavu alichokipachika juu ya mti mahali ambapo hakuna mwingine anayefika. Akainama akakiweka chini. Twiga kuinama si jambo dogo, mjue.

Buku akaenda mtoni. "Hodi, Bwana Kiboko."

"Nini tena? Mtama sitoi."

"Sikuja kwa mtama. Tuna ghala la pamoja lakini hatujala kikoa hata siku moja. Wanyama wa mto wa pili watatucheka."

Kikoa mnakijua, bibi zenu walikuwa nacho. Leo napika mimi, kesho unapika wewe, keshokutwa yule, na wote mnakula sinia moja. Kiboko naye alikijua. "Na mimi itabidi nipike?" akauliza.

"Wewe ndiwe mlinzi, wewe kula tu. Tena utangulie, sisi tutakula kitakachobaki. Ila adabu ya kikoa ni ile ile, mwenye tonge kinywani hasemi."

"Adabu nimefunzwa na mama yangu," akasema Kiboko. "Nakuja."

Buku akateleka chungu. Unga ukaingia, maji yakaingia, mwiko ukaingia. Kanga akasonga, Buku akasonga, wakapokezana mpaka mikono ikafa ganzi. Bada ikavutika vizuri. Kanga akaonja kidogo. "Haina chumvi kabisa," akasema.

"Iache hivyo hivyo, dada."

Kisha Buku akatoka, akarudi anaburuta kitu kizito kilichofunikwa jani la mgomba. Akaigeuza bada yote juu yake, ikawa tonge moja kubwa kama kichuguu, na moshi unafuka. Kanga alikuwa akifuta macho, hakuona sinia ilitoka wapi. Twiga aliona. Twiga huona kila kitu kule juu, ila hana namna ya kumwambia mtu.

Kiboko akaja, ardhi inatikisika. Akakaa miguu ya nyuma majini, kifua nchi kavu. Akaliona tonge. Hakusema karibuni, hakusema bismillahi. Akafungua kinywa, akalichota lote. Bwatu!

Akatafuna. Nyato, nyato, nyato. Bada ikapanda juu ikashika kaakaa, ikashuka chini ikashika ulimi, ikajaa huku na huku mpaka mashavu yakavimba. Nyato, nyato.

Buku akasimama. Akasema, "Wenzangu, nina la kupendekeza. Ghala liwe la pamoja kweli. Aliyevuna sana aweke sana, aliyeunguliwa ale kwanza. Mlango usiwe na mlinzi mmoja, ufunguliwe tukiwa sote. Na matango ya Bwana Kiboko yaingie humo. Nani anapinga?"

Kiboko macho yakamtoka. "Mmmmf," akasema.

"Mzee Kobe," akasema Buku, "hilo ni neno?"

Kobe akatoa shingo, akasikiliza. "Mmmf si neno."

Kiboko akatikisa kichwa huku, akakitikisa huku.

"Anatikisa kichwa," akasema Kanga, na safari hii sauti yake haikutetemeka.

"Sheria inasikiliza, haitazami," akasema Kobe.

Wanangu, njia ilikuwepo. Angetema. Angelitema lile tonge, angesema "napinga" mara moja, na habari ya Buku ingeishia pale, na ya watoto wake pia. Kila mtu pale aliliona hilo. Kiboko naye aliliona. Alitazama mtoni, akatazama shamba lake la matango, akafunua midomo kidogo kama anayetaka kutema. Bada ikachungulia. Akairudisha ndani kwa ulimi. Roho ya ulafi ilikataa. Alijua anapoteza shamba, na bado tonge lilimshinda.

Na mnajua kiboko akila hutikisa mkia. Hajitambui, mkia una akili zake. Pwa. Pwa. Pwa.

"Limepita," akasema Kobe.

Kanga akaruka juu kwa furaha. Mapema mno. Kiboko hatimaye alimeza, ngoko, kila mtu alilisikia tonge likishuka. Akabaki anahema. Bada ile haikuwa na ladha hata chembe, lakini ulimi ulipolichana jani ukagusa sinia, palikuwa na utamu wa chumvi. Basi akalamba. Lapu, lapu, lapu. Akalamba makombo, akalamba na pale pasipo na makombo. Alipotosheka akainua kichwa, akanguruma mpaka ndege wa ng'ambo wakaruka.

"Mmenichezea. Sawa. Lililoletwa na kimya litaondolewa na kimya. Nalifuta. Matango yangu, ghala langu, mtama wangu. Nani anapinga?"

Akafungua kinywa, sasa kitupu, na meno yote nje. Kanga akatafuta sauti yake asiione. Kobe shingo ikarudi ndani yenyewe. Buku akarudi nyuma hatua moja. Ndipo nami niliposhika mdomo kwa mikono miwili. Sheria iliyosimama juu ya kimya husimama juu ya mchanga, mwenye kinywa kikubwa huipindua atakavyo.

Pwa.

Kimya.

Pwa.

Twiga akainama. Polepole, kama anavyoinama kunywa maji, akatanua miguu ya mbele huku na huku, akateremsha shingo ile ndefu mpaka chini mbele ya Kiboko. Akatoa ulimi. Wanangu, Twiga hana sauti, lakini ulimi wake ni mrefu kuliko wa yeyote bondeni. Akalamba sinia. Lapu.

Kiboko akacheka. "Mtazameni, analamba mabaki yangu."

Buku akaelewa. Akaja mbio akalamba. Kanga hakujua kwa nini, lakini akalamba naye, na ladha ilipomfika akatazama vizuri chini. Kobe akaja. Kiboko akisubiri ili acheke zaidi, Kobe akaja tu, mguu baada ya mguu, akafika, akalamba, akafumba macho.

"Limefungwa," akasema Kobe.

"Nini kimefungwa?"

"Ondoa jani utazame sinia uliyokulia, Bwana Kiboko."

Kiboko akaliondoa jani. Lilikuwa lile jiwe la chumvi, bapa kama sinia.

Kobe akasema, "Maneno yalisemwa, wewe ukiwepo. Kisha ukalamba, wa kwanza, na ulilamba kuliko sisi sote. Sasa ndimi zote zimepita. Hili halikai juu ya kimya tena. Ili lifunguliwe, tutalamba upya sote, na ulimi mmoja ukikataa halifunguki."

"Mimi sikujua kama ndilo hilo jiwe," akasema Kiboko, na sauti yake ilikuwa ndogo.

"Uliulizwa, ukanyamaza," akasema Kobe. "Kisha ukalamba. Mimi nimeshuhudia harusi nyingi, na sijaona mwari aliyeridhia zaidi yako."

Siku ile ile matango yakabebwa. Ghala likafunguliwa wote wakiwa wamesimama pale. Buku aliyeunguliwa ndiye aliyekula kwanza, naye hakula, alijaza mashavu akapanda mlima mbio. Akamwekea yule mdogo kipande cha tango puani. Mtoto akafumbua jicho moja, akaliona tango, akafumbua la pili.

Kiboko yeye alizama kwa aibu. Hata leo ukienda mtoni utaona macho na masikio tu juu ya maji, anasikiliza kama kuna anayepinga. Na mara moja moja hufungua kinywa wazi kabisa, wageni hukimbia wakidhani ana hasira. Hana hasira. Anawaonyesha watu kwamba hana kitu kinywani, ana haki ya kusema.

Mnadhani imekwisha? Ngojeni, mkono wangu unarudi mdomoni.

Mvua ikarudi, kikoa kikaendelea, leo kwa huyu kesho kwa yule. Siku moja wote wanakula, tonge kila kinywa, Buku akasimama kuzungumza. Akazungumza vizuri tu, maneno yanatoka safi. Lakini mashavu yalikuwa yamevimba kama vibuyu, na nyuma yake mlango wa ghala ulikuwa wazi kidogo.

Kanga akameza haraka. "Bi Buku, una nini mashavuni?"

"Mtama, dada. Nawaonjea tu, isije ikawa tumeweka sumu."

Kobe akameza. "Mwenye tonge kinywani hasemi, Bi Buku."

"Hiki si kinywa, Mzee. Hili ni shavu. Kuleni, jamani, kuleni, kisipoe." Wakaona aibu kukiacha kipoe, wakatia matonge mengine. Buku akawatazama mmoja mmoja. Kisha akasema, "Nani anapinga kwamba shavu si kinywa?"

Wote walikuwa wanatafuna. Aliyekuwa amekwisha meza alikuwa mmoja tu, na huyo alikuwa Twiga. Alitazama huku na huku alitafute lile jiwe. Jiwe halikuwa sahani ya siku hiyo.

Sikuamini niliposikia. Yule yule mama wa mlimani. Kwa tonge lile lile.

Basi wanangu, hadithi hii inatufundisha mambo mema. Inatufundisha kwamba mtoto mwenye adabu akila hunyamaza. Inatufundisha kwamba mkubwa ndiye mwizi na mdogo haibi kamwe. Na inatufundisha kwamba anayelamba sahani hana hasara. Yashikeni hayo, mtafika mbali kama alivyofika Kiboko.

Hadithi nimeitema hapa. Mwenye ulimi ailambe, mwenye meno aitafune, mwenye mashavu aifiche.

Haya, nawisheni mikono, wali uko tayari. Kuleni kwa adabu, asiseme mtu na tonge kinywani. Mimi nina jambo dogo la kuwauliza kuhusu hii nyama.

Mbona hakuna anayekula?